Mgongo wa Bi Mkubwa

Daktari wa mifupa alichomeka picha ya eksirei kwenye kisanduku cha taa, akarudi nyuma, akamwacha Mpelelezi aitazame kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake na askari: huwaacha wakodoe macho mpaka waishiwe, ndipo yeye afungue mdomo.

Mpelelezi hakuwa na haraka. Kituoni walimwita Taratibu, na jina hilo hakulipata kwa kupanda ngazi polepole tu. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Naona mnara wa vibweta," alisema hatimaye. "Na kibweta kimoja kimekaliwa."

Daktari alicheka. "Kimekaliwa! Basi wewe huhitaji daktari."

"Nahitaji sana. Kuna mwanamke yuko mahabusu kwetu. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kosa la kumvunja mgongo mama mkwe wake. Ana watoto mapacha ambao hawajajua hata kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo kabla sijamtia mtu gerezani, niambie hicho kibweta kilikaliwa na nini."

Nyuma yake, mlangoni, Sajenti alijikohoza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa mguu na wa ulimi, na mkononi alishika mchi wa kutwangia uliofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Yeye ndiye aliyemkamata mshukiwa.

"Afande, tuna jirani aliyesikia kilio. Tuna mchi. Tuna ugomvi wa wiki nzima. Kimebaki nini?"

"Kiti," alisema Taratibu. "Nikae."

Alipokwisha kuketi, Daktari alitoa mfano wa uti wa mgongo wa plastiki uliokuwa umening'inia kwenye stendi ya chuma karibu na dirisha, akauweka juu ya meza kama muuza samaki anayeonyesha bidhaa.

"Hizi tunaziita pingili. Saba za shingo. Kumi na mbili zinazoshika mbavu. Tano za kiuno, na hizi ndizo nene kuliko zote kwa sababu zimebeba mzigo wa kila kilicho juu. Chini yake kuna zilizoungana zikawa mfupa mmoja, halafu kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, laini, cha kupunguza mshindo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja. Sajenti, tuko pamoja?"

"Tuko, afande."

"Sasa kila pingili ina sehemu mbili za kuangalia. Mbele kuna hili gogo la mviringo, ambalo ndilo hubeba uzito. Nyuma kuna miiba. Hii mnayoipapasa mkipitisha vidole katikati ya mgongo wa mtu. Na baina ya gogo na miiba kuna tundu, na ndani ya tundu ndimo unamopita mshipa mkuu wa fahamu kutoka ubongoni. Ukikatika huo, miguu kwaheri."

"Wake haukukatika?"

"Anachezesha vidole vya miguu kama anapiga kinanda. Ana bahati. Kilichovunjika ni gogo la pingili ya kwanza ya kiuno, hapa mbavu zinapoishia. Limebonyea upande wa mbele, likawa kama kabari. Kuta za nyuma zipo. Miiba yote mizima."

Taratibu aligeuza kichwa polepole. "Miiba yote mizima," alirudia. "Daktari, chukua huo mchi, umpige mtu mgongoni kwa hasira. Nini kinavunjika kwanza?"

Daktari hakuuchukua mchi. Aliutazama, kisha akautazama mfano wake wa plastiki.

"Miiba," alisema. "Ndiyo iliyojitokeza. Au mbavu. Lile gogo liko ndani sana, limefunikwa na misuli minene kama mkono wangu. Kwa mchi, kulifikia gogo bila kugusa mwiba hata mmoja... haiwezekani."

Sajenti alishusha mkono wenye mchi. "Basi alimsukuma. Bibi akaangukia makalio."

"Hilo nililifikiria mimi pia," Daktari alisema. "Mzee akiangukia makalio, hapa ndipo panapobonyea. Ndivyo nilivyoandika mwanzo, kwamba ameanguka ama ameangushwa."

"Makalio yake yana alama?" Taratibu aliuliza.

"Hayana. Wala viwiko, wala viganja. Alama ziko mgongoni. Michubuko miwili mipana, mmoja kulia na mmoja kushoto. Imelingana. Katikati, juu ya miiba, hakuna hata mkwaruzo."

"Ngumi," alisema Sajenti, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Anayepiga ngumi hachagui pa kupiga, Sajenti. Huyu aliyefanya hivi ameuruka mfupa wa katikati. Ameuogopa mfupa." Taratibu alisimama, mkono mmoja kiunoni. "Na uzito gani unahitajika kubonyeza gogo namna hiyo?"

"Kwa mgongo wako, mwingi. Kwa wa yule bibi, si mwingi hivyo." Daktari aliweka kidole juu ya picha. "Unaona mifupa ilivyofifia? Mfupa mzima hung'aa kama chokaa. Huu umekuwa kama dodoki ndani, matundu matupu. Na hapa juu kuna pingili mbili nyingine zilizobonyea zamani, zikapona zenyewe, bila yeye kujua. Ndiyo maana amepinda. Watu wanasema uzee umemwinamisha. Uzee hauinamishi mtu, ni mifupa inayobonyea kimyakimya."

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipanga faili pembeni, aliinua uso. "Tena siku aliyoletwa alinukia dawa ya kuchua, Daktari. Na shavu lake moja lilikuwa na chapa ya mkeka. Ukili kwa ukili, ungeweza kuuhesabu."

Taratibu alimgeukia. "Shavu?"

"Shavu, na hapa kifuani."

"Asante, mama," alisema Taratibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitembea haraka kidogo.

*

Mshukiwa aliletwa katika chumba cha mahojiano bila kilemba, kwa sababu walimnyang'anya alipoingia mahabusu, na mikono yake haikutulia, kila mara ilipanda kichwani kutafuta kilichokosekana. Mtaani walimwita Mama Pacha. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama mkwe wangu amekula?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Amekula," alisema Taratibu. "Keti."

"Maana hali chakula cha hospitali. Anasema kinanuka aluminiamu."

"Jirani yako anasema ulikuwa ukimfokea wiki nzima."

"Nilimfokea, ndiyo! Mtu mzima vile anabeba ndoo ya maji kutoka bombani, nimwangalie? Nikificha ndoo, anachukua sufuria. Nikificha sufuria, ananiambia mimi si mama yake. Nikamwambia, kama mimi si mama yako basi usiniudhi kama mtoto." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ni kweli nilipaza sauti. Yule hasikii vizuri sikio la kushoto, na ukimwendea la kulia anageuka."

Sajenti alitazama dirishani.

"Na mchi?" aliuliza Taratibu.

"Ni wa jirani. Nilikuwa uani natwanga. Nilipomaliza nikaurudisha, tukaongea kidogo. Nikarudi nikamkuta Mama yuko chini mkekani, hawezi kunyanyuka. Namwuliza nini, ananiambia niache."

"Ulipokuwa unatwanga, hukusikia kilio?"

"Ukitwanga unasikia nini?"

"Jirani alisikia mtu akigumia, halafu akasikia cheko. Halafu akakuona unatoka na mchi."

"Cheko?" Mama Pacha alikunja uso. "Sikucheka mimi. Siku hiyo hata sikuwa na la kunichekesha."

"Ulimchua dawa?"

"Sikumchua. Nilimkuta ananukia tayari. Nikafikiri kajichua mwenyewe."

"Mgongoni?"

Mama Pacha alipeleka mkono wake mgongoni, haukufika katikati.

"Chumba chake kina milango mingapi?" aliuliza Taratibu.

"Miwili. Mmoja ndani, mmoja wa kutokea uchochoroni."

"Na mumeo, siku hiyo?"

"Kazini, kiwanda cha mbao. Alikuwa zamu ya mchana." Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo lisilo na maana: "Akiwahi, humpitia mama yake kabla ya zamu. Lakini mimi siku hiyo sikumwona."

Walipotoka, Sajenti alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mume nilimhoji, afande. Nilimwuliza kama alikuwepo ugomvi ulipotokea. Akaniambia hakuwepo."

"Na hakukudanganya," alisema Taratibu. "Ugomvi haukuwepo."

*

Mlango ulifunguliwa na binti mkubwa wa mgonjwa, mwanamke wa makamo aliyekuja kukaa na mapacha tangu wifi yake akamatwe. Ni yeye aliyekwenda kituoni kushtaki. Ndugu zake walimwita Dada Mkubwa, na alisimama mlangoni kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo.

"Mmemaliza sasa?" aliuliza. "Au mnataka mama yetu afe ndipo mwandike?"

"Tunataka kuona chumba chake tena, dada."

"Wenzenu walishakiona."

"Waliona haraka," alisema Taratibu. "Mimi sijui kuona haraka."

Chumba kilikuwa safi. Kulikuwa na kitanda cha chuma, sanduku la bati, kioo kidogo, na redio iliyofunikwa kitambaa. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa kona. Taratibu aliutandika mahali ambapo sakafu ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, sambamba na ukuta wa uchochoroni. Akapiga magoti, kwa shida, akagusa ukili kwa vidole.

"Aliyelala hapa kifudifudi, shavu likiwa chini, hakuangushwa," alisema. "Mtu akipigwa hujikunja, hujikinga, hukimbia. Huyu alijinyoosha akatulia, mpaka mkeka ukamwachia chapa."

"Pengine alizimia," alisema Sajenti.

"Mtu aliyezimia hacheki."

Aliinua kichwa, na hapo ndipo alipouona ukuta. Kuta tatu zilikuwa zimepakwa rangi ya krimu, ya karibuni. Wa nne, ule ulio juu ya mkeka, ulikuwa bado na chokaa ya zamani. Na juu ya chokaa kulikuwa na doa la kijivu, lenye kung'aa kama lililopakwa mafuta, likianzia usawa wa kiuno cha mtu mzima na kupanda juu, likizidi kupanda, hadi likampita Taratibu kimo alipokwisha kusimama.

"Huu unavuja?" aliuliza.

"Hauvuji," alijibu Dada Mkubwa. "Mama tu na ukaidi wake. Mdogo wangu alipaka nyumba nzima. Mama akakaa mbele ya ukuta huu, akasema huu usiguswe."

"Kwa nini?"

"Sijui. Wazee." Lakini alisogea karibu, akainua mkono, na kiganja chake kikaenda chenyewe kwenye doa, chini kabisa, akainama kidogo kukifikisha. Akakaa hivyo. Uso wake ukabadilika.

"Dada?" alisema Taratibu kwa upole.

"Tulikuwa tunashika hapa," alisema. "Mama alikuwa dobi. Siku nzima ameinama kwenye karai, nguo za watu. Akirudi anajitupa mkekani, anasema, njooni mnikanyage. Nilianza mimi. Unapanda mgongoni mguu mmoja huku, mguu mwingine huku, katikati hukanyagi, alitufundisha katikati hakukanyagwi. Unashika ukuta usianguke. Halafu unatembea polepole, kutoka mabegani mpaka kiunoni." Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nilipokuwa mzito nikastaafishwa. Akaja mdogo wangu. Kitinda. Yeye alikuwa mtaalamu. Mama alisema miguu yake ina dawa."

"Na alipokuwa mzito?"

"Si ndiyo ikaisha. Mambo ya utoto hayo. Sasa hivi Kitinda ni..." Alionyesha upana kwa mikono miwili, kisha mikono ikabaki hewani.

Sajenti, ambaye ndiye mrefu kuliko wote chumbani, alikuwa amekwisha kuinuka kwa ncha za vidole. Pale juu kabisa ya doa, viganja viwili vikubwa vilionekana wazi kuliko vingine vyote. Vilikuwa na rangi ya kutu. Alivisugua kwa kidole, akanusa.

"Mbao," alisema. "Vumbi la mbao nyekundu, lile lisilotoka kwa kunawa, na dawa ya kuchua."

Dada Mkubwa alikaa kitandani pa! "Mimi ndiye niliyekwenda kituoni," alisema. "Nilimwita muuaji mbele ya wanawe."

Katika chumba cha pili pacha mmoja alikuwa akimfundisha mwenzake kupiga mluzi, na hakuna kati yao aliyeweza.

Nje, Sajenti alitembea mpaka kwenye gari. Alipofika akauliza, "Sasa afande, tunamkamata mume?"

"Kwa kosa gani? Kumtii mama yake?"

"Lakini lazima tupate maelezo ya mtu. Bila hivyo bosi hatamwachia mkewe. Ukuta hauweki saini."

"Ndiyo maana tunarudi hospitali."

*

Bi Mkubwa alikuwa amelazwa chali, hana ruhusa ya kugeuka, kwa hiyo alizungumza na dari.

"Shikamoo, mama," alisema Taratibu.

"Marahaba. Nimeshasema nimeanguka."

"Uliangukia wapi?"

"Chini. Kuna pengine pa kuangukia?"

Sajenti aliuma mdomo asicheke. Taratibu alivuta kiti upande wa sikio la kulia.

"Dawa nani alikuchua?"

"Mwenyewe."

"Mgongoni?"

"Nina mkono mrefu."

"Mama, nimetoka chumbani kwako. Nimeuona ukuta."

Vidole vya Bi Mkubwa vilianza kukunja ukingo wa shuka, kikunjo juu ya kikunjo.

"Mwacheni mwanangu," alisema, na sasa sauti haikuwa na ubishi. "Hajui. Nilimwita mwenyewe. Alipita kunisalimu, nikamwambia Kitinda, kiuno changu leo kinaniwaka, nikanyage kama zamani. Akasema Mama, mimi sasa ni tani. Nikamwambia hata ukiwa tani ni tani yangu. Akavua viatu, akanichua kwanza, akapanda. Taratibu kabisa. Alipofika hapa," akagusa kiuno kwa ncha ya kidole, "nikasikia ka! Kama kijiti cha kuwashia moto. Nikagumia. Akasema, Mama, nimekuumiza? Nikacheka."

"Ulicheka."

"Nikacheka asijue. Nikamwambia hapo hapo, umepapata. Akafurahi! Ungemwona. Akavaa viatu vyake akaenda kazini anapiga mluzi. Sasa mnataka nimwambie nini? Kwamba miguu yake imemvunja mama yake? Atatembeaje nayo?"

"Hakuna anayemtaka yeye, mama. Tuliyemshika ni mkweo."

Dari iliacha kutazamwa. Bi Mkubwa aligeuza shingo, kitu alichokatazwa, na muuguzi akakimbia kutoka upande wa pili wa wodi. "Mmemshika nani?"

"Mama Pacha. Yuko mahabusu tangu siku ulipoletwa. Kesho anapelekwa mahakamani."

"Wameniambia kaenda kwao! Binti yangu ameniambia kaenda kwao, kuna mgonjwa!" Machozi yalimtoka, yakateremka kuelekea masikioni kwa sababu hayakuwa na njia nyingine. "Nimekaa hapa nikisema moyoni, kumbe na yeye ni wa kupita tu, nimevunjika kidogo ameniacha. Nimemkasirikia mtoto wa watu. Mmemfungia mwanangu, nyinyi! Mnajua huyo ndiye anayenipikia? Ndiye anayenifokea? Nani mwingine ananifokea nyumba ile?"

"Tulia, mama, mgongo," alisema muuguzi.

"Mgongo utapona. Wewe mrefu, una kalamu? Andika."

Sajenti aliandika. Bi Mkubwa alisema yote kwa mpangilio, mara mbili akamtaka asome alipofikia, mara moja akamsahihisha. Daktari aliitwa, akaeleza mbele yake, ili naye asikie, kwamba pingili ile ilikuwa imeshachoka, kwamba ndoo moja zaidi ya maji ingeivunja, au chafya nzito, au mjukuu kurukia mapaja. Baadaye Bi Mkubwa aliweka saini, karatasi ikiwa imeshikiliwa juu ya uso wake.

"Sasa sikiliza, baba," alimwambia Taratibu. "Msimwambie nyinyi. Akiambiwa na askari ataamini ni kosa. Mwiteni hapa. Nitamwambia mwenyewe, na Daktari asimame pale, na huo mgongo wake wa plastiki aulete."

"Atakuja, mama."

"Na viti viwili. Hicho kimoja hakimtoshi."

*

Jua lilikuwa limeanza kulala juu ya mabati ya gereji iliyo mkabala na kituo wakati Kitinda alipoingia. Mlango ulikuwa mkubwa lakini aliupita upande upande, kwa mazoea. Nywele zake bado zilikuwa na vumbi la mbao, na alikanyaga sakafu ile kama mtu anayetembea juu ya mayai.

Mama Pacha alikuwa tayari upande wa nje wa kaunta. Sajenti alikuwa akimrudishia vitu vyake kimoja kimoja: kilemba, kandambili, pete. Kila kitu alikitoa kwa mikono miwili.

"Nilikosea, dada," alisema Sajenti. "Niliuliza maswali mafupi."

"Haya," alijibu Mama Pacha, akifunga kilemba bila kioo. "Nyumba yangu imelala na nani siku zote hizi?"

"Na wifi yako."

"Yuko wapi?"

"Nje, na watoto. Anaogopa kuingia."

"Aogope kidogo."

Ndipo akamwona mumewe. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, na hakujua aende mbele au arudi. Taratibu, aliyekuwa ameegemea mlango wa ofisi yake, hakusogea.

"Nilikuwa mimi," Kitinda alisema.

"Wameniambia."

"Ulikaa humu kwa ajili ya miguu yangu."

Mama Pacha aliitazama miguu hiyo. Ilikuwa imevaa viatu vya kazi, vikubwa, kamba za kimoja zimefunguka.

"Nani kakuambia wewe?"

"Mama. Mwenyewe. Daktari akanionyesha mifupa. Wananiambia ingevunjika tu, hata kwa chafya." Alitikisa kichwa. "Lakini haikuvunjika kwa chafya."

"Alilia?"

"Hakulia. Alinishika sikio, akaniambia nisithubutu kutembea nimeinama kwa sababu yake, wa kuinama katika ukoo huu anatosha yeye." Alijaribu kucheka. "Halafu akaniuliza umekula. Wewe. Akaniambia nisirudi kwake bila wewe."

Kidevu chake kilianza kutetemeka. Mama Pacha alimwacha kidogo. Kisha akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye benchi la mbao lililokuwa ukutani, benchi ambalo alikalia yeye siku alipoletwa, akamketisha, na benchi likalia kwa uzito wake.

"Basi lia hapa," alimwambia. "Lia umalize. Nje wako watoto, wataanza kuuliza maswali na mimi nimechoka kujibu maswali."

Mtu yule mkubwa aliinama, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, kama wanavyolia watu wasiojua kulia. Mama Pacha alikaa ubavuni pake. Hakumbembeleza. Aliweka kiganja juu ya mgongo wake mpana, kati ya mabega, akakiacha hapo, kikipanda na kushuka.

Sajenti alikuwa amesimama na daftari lake bila kujua aangalie wapi. Taratibu alimnong'oneza atoke, akatoka naye, akavuta mlango nyuma yake polepole mpaka komeo likaingia bila mlio.